Mashine Iliniuliza Jina

Mimi ni fundi wa mianzo. Miisho siijui. Nimeona mianzo mingi ya michezo ya televisheni, ile michezo mirefu ambamo unakuwa mtu fulani, unapewa jina na nguo na fimbo, kisha unazunguka nchi nzima ukiongea na watu na kupigana na wanyama ambao Mungu hakuwaumba, na katika yote hiyo sijaona mwisho wa hata mmoja. Baba yangu angesema ni uvivu. Ukweli ni kwamba mahali nilipojifunzia, mchezo haukuwahi kufika mbali.

Nazunguka hivi kwa sababu jambo ninalotaka kusema ninalionea aibu, na ni rahisi zaidi kuanzia kwenye televisheni.

Mahali penyewe ni Walikale, kwenye senta. Lakini mimi si mtoto wa msitu. Kwa baba mimi ni wa Masisi, huko juu kwenye majani na baridi, ambako mtu humjua ng'ombe wake hata kwa kikohozi. Mama yangu ndiye aliyetoka Walikale. Nilipofika miaka kumi na nne shule ya kwetu ilibaki bila walimu, na mama akaamua nikakae kwa kaka yake, mjomba wangu, nimalizie masomo kule. Nilishuka na koti zito la sufu na fromaji nne, jibini za duara ambazo baba alizifunga ndani ya majani ya mgomba. Koti sikulivaa hata siku moja. Fromaji zilitoa jasho njia nzima, na mke wa mjomba, ambaye alikuwa mama mwema, alizipokea kwa mikono miwili akaziweka karibu na ndoo ya kufulia, akidhani ni sabuni.

Siku hiyo nilicheka mimi. Zamu yao ilikuja Jumatatu, shuleni, mwalimu aliposoma jina langu.

Jina langu lina ng'ombe ndani yake. Kwa watu wa baba yangu hilo si ajabu, ni sifa: binti hupewa jina lenye ng'ombe kama mwingine anavyopewa jina lenye neema. Mimi nilizaliwa wiki ileile ambayo ng'ombe wa baba mwenye maziwa mengi kuliko wote alizaa ndama jike, na baba, kwa furaha yake, akatupa jina moja, mimi na yule ndama. Masisi hakuna aliyewahi kucheka. Walikale, ambako ng'ombe ni kitu kinachopita barabarani kikielekea kuchinjwa, darasa zima lililia kama ndama. Walilia hivyo kila asubuhi, mwezi mzima. Nilianza kulichukia jina langu, na nikiwa mkweli, nilianza kumchukia na baba kidogo.

Chumba cha michezo kilinipata katika hali hiyo. Mwenye chumba alikuwa papa mmoja, baba wa makamo, aliyechimba madini Omate miaka mingi. Watu walitegemea arudi na gari. Alirudi na televisheni, mashine ya michezo, plake mbili za umeme wa jua na bateri moja kubwa, akakodi nyumba ya mbao karibu na soko na kupanga mabenchi ndani kama ya kanisani. Mashine yake ilikuwa na kasoro moja: haikuwa na kumbukumbu. Kulikuwa na tundu la kuwekea kadi ndogo inayohifadhi pale ulipofika, lakini kadi yenyewe haikuwepo. Ukizima, yote uliyofanya yamekufa. Na saa ya kuzima hatukuichagua sisi. Mawingu ya Walikale hayaombi ruhusa. Plake zikikosa jua bateri inachoka, picha inajikunja katikati ya kioo, inabaki nukta, kisha unabaki unautazama uso wako mwenyewe. Kesho yake tunaanza tena, palepale.

Kwa hiyo tulipenda mianzo. Tungefanya nini?

Kulikuwa na mmoja ambamo kijana amelala kitandani na mama yake anamwita aamke. Anamwita mara tatu, kwa sauti tamu, bila matusi na bila maji ya baridi. Sote tulikubaliana kwamba yule mama hakuwa wa Kivu. Kulikuwa na mwingine unaoanza na giza tupu na mvua juu ya paa, mvua tu, muda mrefu, na hata tulipokwisha kuuzoea bado tulikuwa tunainua macho kuangalia mabati yetu. Halafu ule wa maswali. Sauti inakuuliza unaogopa nini, unachagua nguvu ao rafiki, ukikuta mlango umefungwa unagonga ao unavunja, kisha kwa majibu yako inaamua wewe ni nani. Wavulana walijibu nguvu, nguvu, kuvunja, na mashine ikawapa kazi ya kuuza dawa za majani. Walikasirika mpaka mwenye chumba akatishia kufunga.

Mimi niliupenda mmoja ambao wengine waliuona wa kuchosha. Ukungu uko juu ya vilima, unasikia kengele, halafu anatokea mtu mdogo sana kwa mbali, anachunga wanyama wenye manyoya marefu. Anatembea. Hakuna vita, hakuna mfalme, hakuna anayekufa. Anatembea mpaka anafika karibu kabisa na kukutazama. Nilipouona mara ya kwanza nililia, nikasingizia moshi wa yule mama aliyekaanga mandazi pale mlangoni.

Nilikuwa msichana peke yangu mle ndani, na nilivumiliwa kwa sababu moja: nilisoma haraka. Maneno ya michezo yalikuwa ya Kifaransa, yakipita chini ya picha bila kumngoja mtu. Wenzangu walisoma Kifaransa cha shule, neno moja moja, kidole kikifuata. Mimi nilifundishwa na ng'ombe. Baba hakujua kusoma, na tangu utotoni mimi ndiye niliyemsomea karatasi za dawa za mifugo, macho yakiwa kwenye Kifaransa na mdomo kwenye Kiswahili, palepale, huku yeye ameshika sindano. Ukikosea neno moja ng'ombe anakufa. Kwa hiyo nilikaa benchi la mbele, katikati, nikawa mdomo wa televisheni. Mfalme akiongea, nafanya sauti ya mfalme. Mchawi akiongea, nakohoa kwanza. Maneti yenyewe, ile ya kushika na kubonyeza, haikuwahi kufika mikononi mwangu. Hiyo ilikuwa mali ya wavulana, na mashine ilipouliza jina la mtu wao wa safari, waliandika majina yao, na wengine wakaongeza Komanda mbele.

Mjomba wangu hakujua mambo haya. Alijua ninabaki shuleni kurudia masomo, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia. Alikuwa mtu wa mihogo na mitego, mrefu, mpole, mwenye sauti nzuri. Kanisani kwetu ndiye aliyeanzisha nyimbo. Na kulikuwa na jambo alilokuwa analingoja.

Watu wa upande wa mama yangu bado wanawapeleka wavulana msituni, jandoni. Kisu siku hizi kimebaki dispensari, lakini kambi ipo, na kule kila mvulana anapewa jina. Jina hilo wanalijua wale alioingia nao na wale waliowapokea, basi. Mwanamke halisikii, hata mke wa ndoa. Mchungaji wetu mwenyewe alipita kule. Asubuhi ya kuondoka alikuwa akiwaombea wavulana, kisha anafunga Biblia na kunyamaza. Mbele ya wavulana hutembea mtu mmoja, mwenye kufungua njia. Kaka mkubwa wa mjomba ndiye aliyeifungua miaka yote, mpaka alipofariki. Kiangazi kilichokuwa kinakuja, kwa mara ya kwanza, ingekuwa zamu ya mjomba. Hakulizungumza sana. Lakini kila jioni tulimwona akichonga fimbo yake, akiipaka mafuta, akiipima na bega, na mke wake akamtania kwamba fimbo ile inapata mafuta kuliko sufuria zake.

Jina lake mimi nililipata kwa homa. Malaria ilimwangusha wakati wa mvua, mke wake akiwa shambani ng'ambo ya mto uliojaa, na mimi nikabaki naye siku mbili nikimlowesha kitambaa. Siku ya pili akaanza kuita watu. Aliwaita kwa majina ambayo sikuwahi kuyasikia, mmoja mmoja, kama mwalimu anavyoita darasa, na baada ya kila jina anangoja. Mwishoni akaita jina moja na kulijibu mwenyewe: niko.

Alipopona aliniita nyuma ya nyumba.

"Nilisema nini wakati homa ilinikamata?"

"Ulikuwa unaita watu, Mujomba."

"Na ya kwangu jina? Niliisema?"

"Ndiyo."

"Uliisikia muzuri?"

Nikatazama pembeni. Akaelewa. Nilingoja anigombeze, ao anipeleke kwa wazee wanioshe masikio na dawa fulani. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Basi," akasema. "Siwezi kuitosha mu masikio yako. Ni homa njo ilikupatia, haiko wewe ulienda kuiba. Lakini usiiweke kwa kinywa, mama. Hata mukiwa wawili na muntu unamupenda sana. Sasa unaibeba pamoja na miye."

Aliniita mama, kama watu wa kwetu wanavyomwita mtoto wa kike wanayemheshimu. Siku nyingi nilitembea nikijiona mkubwa.

Kiangazi kilipokaribia, mwenye chumba alirudi kutoka Goma na diski mpya. Ilikuwa siku ya soko. Chumba kilijaa, dirisha likajaa, mlangoni wakasimama hata kina mama waliokuja kuuza ndizi, na mama wa mandazi akaacha mafuta yake peke yake. Jua lilikuwa kali, bateri imeshiba. Diski ikaanza kuzunguka.

Mwanzo ule, kusema haki, ndio bora zaidi niliowahi kuona mpaka leo. Mlango mkubwa wa mawe katikati ya milima. Mbele yake mstari wa watu wenye silaha, wazee kwa vijana, na mlinzi kipofu. Kila mmoja anamkaribia mlinzi, anasema jina lake, na mlango unatikisika kidogo. Mlango huu hauoni sura, anasema mlinzi, unasikiliza majina tu. Akaja wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba. Kisha mlinzi akageuza macho yake meupe upande wetu na muziki ukazima. Kikatokea kisanduku cheupe, na herufi zote chini yake.

Kelele zikaanza, kila mmoja akitaka liandikwe lake. Mwenye chumba, ili kumaliza ugomvi, akainyakua maneti akaniwekea mkononi.

"Huyu anasomeaka watu wote," akasema. "Leo yeye njo ataanza."

"Weka yako basi!" mvulana mmoja akapaza sauti nyuma. "Tuone ng'ombe na upanga!"

Chumba kizima kikalia kama ndama. Dirisha nalo likalia.

Ningeweza kuandika lolote. Ningeandika jina la mama yangu. Ningeandika A. Ningebonyeza tu, na mashine ingetoa jina yenyewe. Lakini masikio yangu yalikuwa ya moto, mlango ule wa mawe ulikuwa unangoja jina zito, na mimi nilikuwa nalo moja tu lililo zito. Tena nilifikiri, naomba niaminiwe hapo, sikufanya kama mlevi. Niliwaza kwamba kuandika si kusema. Mjomba alikataza kinywa, hakukataza kidole. Mle ndani hakuna alijuaye. Litaingia kwenye mashine isiyo na kumbukumbu, na bateri ikichoka litakufa. Nikaliandika herufi moja moja, nikabonyeza.

Nilisahau kwamba msomaji ni mimi.

Mchezo ule ulilipenda jina, ukawa unalirudia katika kila sentensi. Mlinzi akasema, fulani, mlango umekusikia. Wale wenye silaha wakapaza sauti, fulani, simama mbele yetu. Mzee mmoja akalia machozi akisema, fulani, baba yako angefurahi kukuona. Maneno yalipita haraka, mdomo wangu umezoea kufuata macho yangu, na mimi nikasoma. Nilisoma kwa sauti ya mlinzi, kwa sauti ya mzee, kwa sauti ya jeshi zima. Nilikuwa nimelisema mara nne ao tano kabla sijajisikia ninalolisema. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Watu walilipenda lile jina. Wavulana wakaanza kuliitikia wakipiga mabenchi, na mama wa mandazi, pale mlangoni, akalirudia polepole kama mtu anayeonja mboga.

Benchi la nyuma alikuwa amekaa mwanaume mmoja mzima, fundi wa baiskeli, rika la mjomba. Alikuwa ameingia kukimbia jua, mchezo haukumhusu. Alisimama. Alinitazama mimi, hakuitazama televisheni, kisha akatoka akiwapita kina mama mlangoni bila kuomba nafasi. Hapo nilikumbuka yale majina mengine, yale ambayo mjomba aliyaita kwa homa na kungoja yamjibu. Mmoja wao alikuwa amenijibu mimi.

Siku ya tatu wanaume walikaa kwenye baraza ya mjomba. Nilitumwa kupeleka maji, na nilipofika mlangoni wakanisimamisha, jagi likiwa mikononi.

"Jina yako iko mu kinywa ya mama wa mandazi," mmoja wao, mwenye mvi, alikuwa anamwambia mjomba. "Watoto wanaiimba ku njia. Ilitoka wapi?"

Mjomba hakunitazama.

"Ilitoka kwangu," akasema. "Nilikunywa kasiksi ku senta, nikarudia nikiimba. Nilijiita mwenyewe njia muzima. Huyu mutoto alisikia kama vile kila muntu angesikia. Hakujua iko nini."

Kasiksi ni pombe ya ndizi. Mjomba wangu hakuwa ameigusa tangu alipobatizwa, na kila aliyekaa pale alilijua hilo. Yule mwenye mvi akanigeukia, tena kwa upole.

"Ni kweli, mama? Haukujua?"

Mpaka leo nalikumbuka lile jagi, lilikuwa la plastiki ya kijani na lilivuja kidogo kwenye mpini. Niliogopa kurudishwa Masisi. Niliogopa kwamba shuleni watapata kitu kingine cha kunililia. Zaidi ya yote nilimwona mjomba ameinamisha kichwa, akiwa amekwisha kunijengea mlango, na mimi nilichotakiwa ni kupita tu.

"Sikujua," nikasema.

Nikaweka maji chini nikatoka.

Hawakumpiga, hawakumfukuza. Walisema tu kwamba mtu ambaye jina lake linatembea sokoni hawezi kufungua njia, wakatafuta mwingine. Habari ya kasiksi nayo ilifika kanisani Jumapili, na mchungaji akaona hana la kufanya. Mjomba alihamishiwa benchi la nyuma. Nyimbo zikaanzishwa na kijana mmoja mwenye sauti ya bawaba kavu, na mimi upande wa wanawake niliimba nikiangalia miguu yangu, kwa sababu nilijua nikigeuka nitamwona mjomba akiimba kwa sauti ya chini, akiifuata ile sauti mbaya bila kuisahihisha. Mke wake alimnunia wiki nyingi. Alimwambia mbele yangu kwamba afadhali angemwambia tu kama anatamani pombe. Mjomba akasema ndiyo, alikosa. Mimi nilikuwa namenya mihogo pale pembeni, nikaendelea kumenya.

Asubuhi ya wavulana kuondoka, wanawake na wasichana huingia ndani na kufunga milango, mpaka mstari upite. Wanaume husimama nje. Mjomba naye angeweza kusimama nje, hakuna aliyemkataza. Aliingia. Alikaa jikoni pamoja nasi kwenye kile kiti kidogo cha kupikia, magoti yakifika kifuani, akasikiliza miguu ikipita barabarani. Nyimbo za kule alizijua, midomo yake ilikuwa inazifuata. Fimbo ilikuwa juu darini, ameisokomeza katikati ya kuni.

Hakuniuliza kwa nini. Siku ile hakuniuliza, na mwaka mzima uliobaki hakuniuliza. Aliendelea kuniachia shingo ya kuku kwa sababu alijua naipenda. Nilimaliza darasa, nikapanda kurudi Masisi, na kila nilipompigia simu miaka iliyofuata tuliongea habari za mvua.

Leo mimi ni mwalimu huku Ngungu, Masisi. Nafundisha Kifaransa, ningefundisha nini kingine. Nina mume, nina watoto wawili, nina ng'ombe mmoja ambaye baba aliniachia, na nina simu yenye michezo. Nacheza mianzo tu. Simu hii ina kumbukumbu ya kutosha, ningeweza kufika mwisho nikitaka, lakini mchezo ukishafika mahali pazuri nauzima na kutafuta mwingine. Na kila unaponiuliza jina, siandiki kitu. Nabonyeza tu, mtu wangu anaondoka na jina alilokuja nalo kutoka kwa waliomtengeneza. Mwanangu wa kwanza aliwahi kuniuliza kwa nini. Nilimwambia ni haraka zaidi.

Mwaka huu mjomba amekuja kwangu. Macho yake yameingia ukungu, na kuna daktari wa macho anayepita upande wetu. Tunangoja siku yake. Anakunywa maziwa, analalamikia baridi, anawafundisha watoto wangu nyimbo za kanisa kwa sauti ambayo imezeeka lakini haijaharibika. Anatembea na fimbo. Ni ileile. Nilipomwona akishuka nayo kwenye pikipiki nilijifanya nashughulika na mizigo.

Alasiri moja ya mvua nilikuwa nimekaa naye barazani. Siku hizi michezo ya zamani inapatikana kwenye simu, na ule wa mlango wa mawe nilikuwa nimeupata tangu mwezi uliopita. Sikuwahi kuufungua. Siku hiyo niliufungua mbele yake kwa sababu nilijiambia haoni. Huo nao ni uoga, naujua. Sikuhesabu masikio yake.

"Hii ni mziki gani?" akauliza. "Inasema nini?"

Nikamsomea. Sauti ya mlinzi ilinitoka yenyewe, ileile ya zamani. Mjomba alisikiliza, kidevu juu ya fimbo, akacheka aliposikia mlinzi ni kipofu.

"Kama miye," akasema. "Endelea."

Akapita wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba. Muziki ukazima.

"Sasa inasema nini?"

"Inauliza jina, Mujomba."

"Jina ya nani?"

"Ya ule mwenye kuingia."

Akangoja. Nilisikia maji yakiteremka kwenye bomba la mabati na kujaa kwenye pipa. Nikamwambia. Nilimwambia habari ya chumba, habari ya benchi la mbele, ya maneti iliyowekwa mkononi mwangu, ya kisanduku cheupe, ya vilio vya ndama. Nilimwambia kwamba niliandika tu na nikasahau kwamba nitasoma. Nilimwambia kwamba pale mlangoni, na jagi, nilijua. Hilo la mwisho alilijua tayari, lakini nililisema.

Aliondoa kidevu juu ya fimbo.

"Walinielezaka kama ulipaza jina yangu watu wakicheka," akasema. "Nikasema huyu mutoto eko na kasirani juu yangu. Nikasema kuko kitu nilimukosea. Nilitafutaka ile kosa, nilitafutaka. Nikasema labda ni ile Noeli nilikukatalia kwenda kwenu."

Miaka yote hiyo, akinitafutia sababu. Nilitamani kweli ningekuwa na hasira naye siku ile, ningekuwa na kitu cha kumpa sasa.

"Haikuwa wewe, Mujomba. Ilikuwa mchezo tu."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa umbali wa mahali. Akanyoosha mkono akaigusa simu, akakipapasa kioo chake kwa kidole gumba, pale ambapo kisanduku kilikuwa bado kinangoja.

"Na ya kwako jina," akauliza, "ile baba yako alikupatia, ilikuwa na mubaya gani?"

Nikamjibu kwamba wavulana walikuwa wananicheka. Nililisikia jibu hilo likitoka kinywani mwangu, mimi mwalimu, mama wa watoto wawili, na nikaigeuza simu juu chini mapajani nikainama.